Gunia Husemewa

Isyonje, saa tisa usiku. Baridi
imewahi kiti kabla yangu.
Kompyuta ya zahanati imelala tangu Jumatatu;
ukiinua kifuniko feni inavuma,
kioo cheusi tii.

Nimeshuka hadi kwenye kiini cha mfumo,
pale kinaposoma majedwali ya umeme
yaliyoandikwa kiwandani na mtu asiyenijua:
lala hivi, amka vile.
Jedwali linajitangaza: baiti mia mbili arobaini na nne.
Nahesabu. Mia mbili thelathini na sita.
Nane hazipo,
na kiini, kwa adabu zake, kinazisoma hivyo hivyo,
kinatumbukia.

Mama angecheka.
Miaka thelathini ya viazi na lumbesa,
hajaamini hata siku moja
maandishi ya ubavuni.
“Gunia halisemi, Anyosisye, husemewa.
Lete mzani.”

Basi naongeza mistari mitatu tu:
pima kwanza;
pakipungua, ishia penye kitu.

Nafunga kifuniko. Nahesabu hadi kumi, vidole vimekufa ganzi.
Nafungua.

Kioo kinapepesa, kisha
daftari la kliniki, pale pale lilipoachwa Jumatatu:
Tusajigwe, wa kike,
kilo tatu na robo.