Nakala Mbili

Mara nne Ilda Medeiros aliandika bei yake
kwenye meza ya jikoni la kupanga, Fall River,
na mara nne akashindwa na mtu aliyeongeza mstari mmoja:
*Sihitaji ukaguzi.*
Mstari huo ulikuwa mzito kuliko dola elfu ishirini.
Dalali alimsemesha kwa upole,
kama mtu anayemng'oa mtoto jino:
Mama, soko limechacha. Fumba macho, utie saini.

Naye, ambaye kazi yake ni kuosha vyombo vya upasuaji
usiku kucha, mahali ambapo hakipiti kisu
bila macho ya wawili na saini ya wa tatu,
alijiuliza huu ni mji gani
unaokupa siku thelathini kurudisha kiatu kinachobana
na kukunyima saa tatu za kutazama
kitu utakachokilipia miaka thelathini.

Mmoja wa walioshinda alikutana naye dukani kwa kufulia,
mashine nambari sita, mwezi wa Januari.
Kijana, Corey, kiganja chake kimefungwa bandeji.
"Ile nyumba ya kilimani? Umeponea chupuchupu," alisema.
"Bomba la majitaka limepasuka chini ya sakafu.
Tangu Novemba tunafulia hapa."
Mkakasi ulikuwa umepakwa rangi nyeupe, mpya;
kipande cha mti kilikuwa ndani.
Hakucheka. Ilda naye hakucheka.
Alimpa sarafu mbili za kukaushia.

Kisha jimbo likabadili sheria.
Haikuja na tarumbeta. Ilikuja karatasi moja,
herufi ndogo, ndani ya bahasha ya dalali:
muuzaji asikuuzie kwa sharti la kufumba macho,
asikuulize utaacha nini ili akuchague.
Mara nyingi haki huja hivyo,
imevaa shati la karani.

Nyumba ya tano ilikuwa ya mzee Gil Arruda,
mbao, ghorofa mbili, rangi ya siagi.
Saa mbili asubuhi mkaguzi akafika:
Thibodeau, mwanamke mfupi, pedi za magotini,
ngazi begani, tochi mdomoni.
Akaingia chini ya nyumba kwa tumbo.
Akagonga boriti, akagonga tena,
akaichoma kwa bisibisi,
ikazama hadi kwenye mpini
bila kelele.
Akafungua mabomba yote kwa pamoja, akafunga macho,
akasikiliza.

Gil alikaa barazani, koti limefungwa hadi kooni.
Kila mlango uliolia ulimshtua.
Si jambo jepesi, mgeni kuisoma nyumba yako kwa sauti:
hapa panavuja, hapa paliunganishwa na asiyejua umeme,
hapa mtu aliziba ufa kwa gazeti.
"Mimi hiyo," alisema Gil, kwa hewa tu. "Baridi ya mwaka ule."

Kisha kutoka darini:
"Palishika moto huku. Pau tatu zimeungua,
zikapakwa chokaa juu."
Mzee akainuka. "Moto? Lini?"
Miaka hamsini na mmoja amelala chini ya pau hizo,
na mkewe hadi alipofariki,
na watoto wanne, na mbwa.
"Kabla yako," sauti ikajibu. "Kabla yako sana."

Kurasa arobaini na mbili.
Ilda alizisoma kitandani, penseli mkononi,
chini ya dari la mtu mwingine linalodondosha maji
kwenye sufuria ambayo hakuna sheria inayoitaja.
Alikuwa na siku kumi za kusema ndiyo, au hapana, au punguza.
Siku ya kwanza hakusema kitu.
Ilikuwa anasa, huko kutosema.

Siku ya tatu simu ikalia. Gil.
Hakuuliza bei, wala boriti.
Aliuliza kama angeweza kupata nakala.

"Nataka kujua," alisema,
"nimekuwa nikiishi wapi."