Kidaka Kitupu

Fundi Bwanaadi wa Langoni hana haraka.
Ameniuliza mara tatu: "Umetoa vyote?
Nikishapiga fomati usinililie."

Flashi imechomekwa. Natoa
risiti za duka la saruji,
picha za harusi ya Mwanaesha,
barua ya kuomba kazi bandarini
iliyoandikwa mara kumi na moja,
kila mara ikazidi kuwa fupi.

Halafu folda ya kaka yangu Shekuwe,
aliyeniachia kompyuta hii akaenda Salala,
mwaka wa sita sasa.
USIGUSE, kwa herufi kubwa.
Nikagusa.
Haina kitu.

Fundi ananichorea diski kwa kidole, juu ya vumbi la meza,
kama mtu anayegawa nyumba ya mawe:
"Hapa daka, pa kuamkia mashine.
Hapa msana, mfumo mpya ukae.
Huku ndani ni kwako. Hata msana ukibomolewa kesho,
huku hakuna atakayeingia."
Akatupia jicho balbu: stima isikatike sasa.

*Una hakika?*
Mashine nayo inauliza.
*Vyote vitafutika.*
Kidole kiko juu ya kitufe.

"Ngoja."
Nachomeka flashi tena, nanakili ile folda tupu.
Ukubwa: sufuri.
Imechukua muda mfupi kuliko kupepesa macho.

Nilidhani Bwanaadi atacheka.
Lakini amezaliwa Mkomani huyu, anajua
kidaka hakizibwi chokaa
eti kwa sababu sahani yake haipo.

"Haya," nikamwambia. "Bonyeza."