Mizani

Kadi ilifika Alhamisi, ndogo, ngumu,
picha yangu imekodoa macho kama mshtakiwa.
Mama akaigeuza, akaikuna kwa ukucha.
"Basi hii ndiyo iliyokula cherehani yangu?"
Nikasema ndiyo.
Akanirudishia. "Usiilaze kifudifudi."

Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, yadi ya Changamwe,
matope ya mvua ya usiku, dizeli, maandazi.
Bwana Ngowa akanipa funguo bila kuinua uso:
"Vigae. Tani ishirini na sita. Mlolongo."
Nilikuwa nimeandaa salamu. Ikabaki mdomoni.

Kiti cha kushoto tayari kina mwenyewe:
Ndoro, utingo wa miaka kumi na tisa,
jicho moja lilikwenda na mnyororo uliokatika.
"Barabara naijua," akasema,
"serikali ndiyo hainijui.
Mimi jicho moja, wewe mawili.
Matatu yanatosha."

Chuoni tulifunzwa kwa lori tupu.
Lori tupu halina maoni.
Hili linayo. Linapumua kwanza, tssss,
linafikiri,
ndipo linakubali kuondoka,
na ukilikanyagia breki linakuuliza: sasa hivi, au?

Kwenye kona kichwa kikapita salama,
nikafurahi mapema.
Tela lilikuwa bado na safari yake.
Gurudumu la nyuma likapanda ukingo,
likakanyaga ndoo ya muuza viazi karai.
Hakunitukana. Aliinua tu ile ndoo, bapa kama chapati,
akanionyesha, kama mwalimu anayeonyesha ramani.
Ndoro akashuka, akalipa mia mbili, akapanda.
"Mkia," akasema.
Neno moja. Nikalibeba hadi Miritini,
nikalibeba hadi mlima wa Mazeras
ambako injini ilianza kununa
na mabasi yakatupita na honi zao zisizo na adabu.
"Usilibembeleze. Lishushie gia.
Likinuna tena, lishushie tena.
Haraka ni ya wenye mizigo ya wenzao tumboni," akasema,
na mpaka leo sijui alimaanisha nini.

Mariakani, foleni.
Shangazi Mwanahalima alikuwa akitunga mashairi,
na mizani aliihesabu kwa vidole vya miguu
kwa sababu ya mikono ilikuwa kwenye unga.
Nane, pumzi, nane.
Neno likizidi, alilitoa, hata kama alilipenda.
Basi nami, mguu juu ya breki, ndani ya kiatu:

Ekseli moja yapanda, nyingine yangoja zamu,
Moyo nao wanidunda, mate yamekuwa ndimu,
Karani ananiwinda, kwa jicho la kuhukumu,
Nikizidi nusu punda, faini hunyonya damu.

"Dereva yuko wapi, huyo bwana?"
Alikuwa akimtazama Ndoro.
Ndoro akaninyoshea kidevu.
"Si bwana, ni mwana. Mwulize mwenyewe."
Nikashusha kioo, nikatoa kadi.
Akasoma polepole, Mejumaa Mwakoi,
kama anayesoma jina la dawa.

Karatasi ikatoka: tani arobaini na tatu na ushee.
Katika huo ushee wamo Ndoro, mimi,
chupa ya chai, jeki, gurudumu la akiba,
na, nadhani, cherehani.

Baada ya hapo Ndoro akavuta kofia usoni, akalala.
Wanasema utingo halali kwa dereva asiyemwamini.
Wanasema pia kwamba alikesha akifunga turubai.
Sikumwamsha kumwuliza.

Jua lilikuwa limeingia kioo cha kulia.
Nikatazama mkia.
Ulikuwepo,
mrefu, umejaa vumbi,
unanifuata.