Hati Inashuka Futi Ngapi?

Mthamini Kyaruzi alihesabu kwa ncha ya kalamu:
minazi kumi na minne, mikorosho sita,
msingi wa tofali usioezekwa.
"Choo?" Nikamwonyesha.
Akaandika: choo, kimoja.

Kivukoni, ghorofa ya saba,
kiyoyozi kikinikausha jasho la Kimbiji,
wakatandaza ramani. Shamba langu
limelala ndani ya kitalu chenye namba tu.
"Binti Pazi, juu ni kwako.
Chini, gesi ikiwapo, ni ya taifa.
Weka dole hapa."

Wino ulishanipaka kidole.
Nikauliza: hati yangu inashuka futi ngapi?
Mwanasheria akafunua kitabu,
akakifunga.

Maana Mwinjuma wangu nimemlaza kando ya kisima
mwaka ule wa mvua. Wachimbaji
waliishia kiunoni, maji yakawagomea.
Basi niambieni:
nimemzika kwangu,
au nimemzika serikalini?

Kyaruzi akavua miwani, akaivaa.
Chini ya choo akaandika: kaburi, moja.
Safu ya bei akaiacha wazi.

Dole nikalifutia kwenye khanga.
Lifti ilikuwepo;
nikashuka kwa miguu, ghorofa zote saba,
nikihesabu.