Inchi Tisa na Nusu

Goti langu la kushoto lilisahau kazi.
Miezi mitano tangu vespa iteleze mteremko wa Bopwe,
mfupa umeunga, jeraha limefumba mdomo,
mguu umebaki umenyooka kama mchi uliokosa kinu.
Nikikaa uani, wifi yangu Bikombo hujikwaa kila apitapo:
"Jamani, huu mguu ulipe kodi ya njia!"
Tukicheka.
Usiku sikucheka.

Mkoani wakanipasua. Daktari akanieleza kwa vidole:
ndani paliota utando, nyama ikagandana na mfupa,
tumekwangua, tumeliachia. Kilichobaki ni chako.
Nikadhani kilichobaki ni vidonge.
Kilichobaki alikuwa Mize Faki,

Mize wa mazoezi ya viungo, mwembamba, kiganja kama koleo.
Hupima kwa kipande cha plastiki chenye digrii.
Hamsini na tano, anaandika. Sitini. Sitini.
Sitini tena, wiki nzima, na mimi nimeutafuna
ncha ya mtandio hadi ukatoka nyuzi.
"Pumua, fundi."
Napumua.
"Usinishike mkono."
Namshika.

Digrii mimi sizijui. Mimi mshonaji, najua inchi.
Nyumbani Limbani nikalala kifudifudi mkekani,
nikamwita Time, binti wa kaka, nikampa tepu ya shingoni,
ile ya njano iliyofutika namba tatu na nne:
pima, mwanangu, kutoka kisigino hadi kitako.
"Kumi na saba, shangazi."
Mkono wa gauni la mtoto wa miaka kumi.
Nikaandika ukutani kwa chaki, kama deni la mteja.

Kumi na sita na robo.
Kumi na sita na nusu, maana uvimbe haubishi hodi.
Kumi na nne.
Siku moja niliitupa tepu chini ya kitanda,
nikasema goti na likae litakavyo,
hata mnazi haukunji goti, na unazaa.
Time akaingia uvunguni, akaikung'uta vumbi,
akaivaa yeye.

Mize alisema: panda baiskeli isiyokwenda.
Baiskeli isiyokwenda nitaitoa wapi Wete?
Nikakifunua cherehani.
Bila uzi, bila sindano, kiti nimekivuta nyuma,
unyayo juu ya pedeli.
Gurudumu likazunguka robo, likarudi kwa hasira.
Kesho yake nusu.
Siku ya tisa likapanda, likavuka juu, likashuka upande wa pili,
mlio ukatoka hadi barazani,
na Bi Chumu papo hapo dirishani:
"Fundi! Kumbe umepona? Na gauni langu la Idi?"
Idi zilishapita. Zote mbili.

Sijapona.
Ngazi nashuka mguu mmoja mmoja, kama mtoto,
na ya chooni tusiyaseme.
Lakini leo alfajiri kile kiti cha plastiki cha kuswalia
nilikisukuma pembeni,
nikashuka huku nimeushika ukuta, nikasujudu,
na nilipoinuka kukaa goti likakunja,
likagoma,
likakunja tena kidogo.
Nimekaa upande, si sawa,
ila mkeka ulinigusa mahali ulipokuwa haujanigusa
tangu mwaka jana,
nikasahau nipo rakaa ya ngapi.

Ukutani: tisa na nusu.
Time anasema ni tisa na robo, nimesoma vibaya.
Tumebishana hadi chai ikapoa.
Nimeiacha nusu yangu.
Hata nguo sijawahi kuikata
bila kuacha akiba ya pindo.