Nukta za Biki

Karata zilifika kwetu Katuba
ndani ya kopo la biskuti, chini ya mashuka ya kufua,
mwaka ule Madame Kaliopi alipofunga duka arudi Ugiriki
na mishahara ya miezi miwili akailipa kwa vitu:
pasi ya mkaa, pazia moja, viatu vya mguu mdogo,
na hizi picha sabini na nane.
Sabini na saba. Jua halikuwemo.

Mama hakujali malkia wala upanga wa mfalme.
"Mkubwa anajitangaza mwenyewe," alisema.
"Mtafute yule aliyejibanza."
Akachukua lenzi ya baba
(baba alikuwa mtu wa tanuri mchana, usiku fundi wa saa za watu)
akainama mpaka pua iguse karata,
akampata konokono nyuma ya kiti cha enzi,
sisimizi kwenye ukingo wa kikombe cha dhahabu,
na mbwa wa yule mpumbavu anayekwenda korongoni akiimba:
shingoni kipande cha kamba, ncha yake mbichi.
"Unaona? Imekatwa leo asubuhi. Mbwa mwenyewe hajajua."

Mama Feza alikuja na bakuli la unga
kumuulizia mume aliyekwenda Kolwezi kuchimba.
Ukatoka mnara: radi, moto, watu wanaanguka vichwa chini.
Mama Feza akajishika kiuno, akaanza kilio.
"Ngoja kwanza." Mama akasogeza lenzi.
"Dirisha la tatu, hesabu toka chini. Kuna sufuria.
Mtu aliyeacha sufuria motoni ana nia ya kurudi."

Alirudi. Na mke mwingine, mwenye mimba.
Mama Feza akaja kudai unga wake.
"Sufuria niliiona," mama alisema, "ya nani, haikuandikwa,"
na bukari tulikuwa tumekwisha kula.

Sasa kopo ni langu.
Juma lile la matanga, watu walipopungua uani,
nilifungua kifuniko nikaziona:
nukta za biki ya buluu, ndogo kama mayai ya chawa,
pembeni mwa Mwezi kumi,
pembeni mwa Gurudumu kumi,
kwa Mtu Aliyening'inizwa tisa.
Nilijifungia na lenzi usiku tatu.
Mimi, mwalimu wa hesabu, nilijaza kurasa nne:
nyota, koo za mababu, shanga za mganga,
mara tarehe ya kifo chake, ambayo nusura nifanikiwe kuipata.

Shangazi Ntumba alikuja kuchukua sahani zake.
Akatazama. Akacheka mpaka akakaa chini.
"Hizo ni miezi, mwanangu. Miezi baba yako aliyokwenda kazini
akarudi bila mshahara. Daftari mngelitoa wapi?
Ninyi mlikuwa mnagawana moja watoto watatu.
Karata ikijaa kumi, anahamia nyingine."

Nikayakumbuka maisha yetu ndani ya Mwezi,
majani ya matembele asubuhi na jioni,
na tulipohamia kwenye Gurudumu, redio ikauzwa,
halafu kabati, halafu saa za watu ambao hawakurudi kuzichukua.

"Na hii ya tisa?" niliuliza. "Mbona ina mkia?"
Wino ulikuwa umeteleza, mstari mfupi unashuka
kama mtu aliyesukumwa kiwiko, au aliyeitwa ghafla mlangoni.
Shangazi akaivuta karata karibu na dirisha,
akaisogeza mbali, akaisogeza tena karibu.
"Hiyo sijui," alisema, na akafunga sahani zake kwenye kitenge.

Nimebaki nayo. Nje, bomba refu la kampuni
limesimama bila moshi juu ya kilima cheusi cha masalio.
Chini ya lenzi, mtu ananing'inia mguu mmoja, uso umetulia,
na pale mkia wa wino unapoishia
mfuko wa koti lake umefunguka.
Ndani mna kitu cha duara, cha njano. Kitufe, labda.
Nakisugua kwa kucha. Hakitoki.