Karani wa Mawe

Nyuma ya ghala la makontena, Miritini,
nilishika penseli, daftari lenye vumbi
na nusu ya ndimu iliyofungwa kwa nailoni.
Mbeyu ndiye aliyeendesha mtambo.
Mbeyu ndiye aliyenifunza ulimi.

"Tafuna," alisema. Nikadhani mzaha.
"Likikwaruza menoni kama wali wa mchele usiochaguliwa,
limebeba mchanga; maji yalikuwa yanatembea.
Likiteleza kama bamia,
maji yalikuwa yamekaa kitako,
hayana safari, hata chembe iliyo ndogo kuliko zote
ikapata wasaa wa kushuka."

Meta mbili za kwanza: vizibo vya soda,
kandambili ya kushoto, kipande cha kamba ya katani.
Nikaandika "sisi".
Akafuta kwa kidole chenye grisi. "Andika kifusi."

Halafu mwambatope,
wa kijivu cha mkaa uliomwagiwa maji,
unafunuka kwa ukucha, karatasi juu ya karatasi.
Ukiupulizia pumzi unanuka kisima.
Palikuwa na kina hapa, na giza,
hapa yanapopinda malori ya Nairobi.
Meta ya saba ikatoa kombe lililojiviringa
kama donge la chapati likingoja kusukumwa.
Nikamtafutia mwenye kombe jina, nikakosa;
alikwisha kabla hajapatikana wa kumwita.

Ijumaa nikashuka Kuze, kwa shangazi Mwanakhamisi.
Barazani kwake kumetandikwa mawe ya Mazeras.
Nikapiga magoti, nikakamua ndimu:
kimya. Jiwe la mchanga, jiwe la mto,
mto mpana wa kuimeza Likoni,
na michirizi ya mawimbi yake ingali pale pale
ambapo wageni huvua viatu.
Nikakamua ukutani, palipobambuka lipu:
povu likafoka, jeupe, la haraka,
kama kinywa cha mtoto anayetaka kusema.

"Ndimu ya achari yangu hiyo!"
Nikamweleza chokaa, matumbawe, wanyama wadogo
waliojijengea mifupa nje ya miili.
Akaniacha nimalize.
"Babangu alikuwa na tanuu," akasema.
"Lilikatwa mwambani likiwa bichi, likanuka wiki nzima.
Leo ndiyo waniambia lilikuwa na roho?"
Akachukua fagio, akazoa unga mweupe
ambao ukuta humwaga kila usiku,
akausukuma mtaroni,
na mtaro unaijua njia ya pwani.

Jumatatu, meta ya kumi na nne:
jiwe la rangi ya ini.
Halikufoka. Halikukwaruza. Halikuteleza.
Nikalipulizia, nikalilamba, nikaligonga karibu na sikio.
Mbeyu akazima mtambo, akalitazama
mpaka chai yake ikaota ngozi.
"Andika sijui."

Nikaandika, safari hii kwa wino,
nikalilaza kashani kati ya wenziwe wenye majina,
nikatafuta nyundo.